Babu Kampa Katekista Mji

Mkwe wangu na wajukuu,

Maharage yako jikoni, myapashe tu, chumvi nimeshatia. Shati jeupe la Babu liko kambani. Likikauka lipigeni pasi, kola kwanza. ~~Asipobatizwa Jumapili mtalirudisha sandukuni.~~ Lipigeni pasi, basi.

Mimi na Babu tunakwenda kwa padre. Asubuhi mkiwa bado mmelala, katekista alikuja kumuuliza maswali ya mwisho kabla ya ubatizo. "Mzee, nitajie sakramenti saba." Babu akataja sita, tena harakaharaka. Ya saba ikamkwama. Akajikuna kichwa, akasema, "Haya, katekista, nakupa mji!"

Katekista hakucheka hata kidogo. "Mzee, kwani tunategana vitendawili hapa?" Akafunga daftari, akasema padre ndiye ataamua kama Babu anabatizwa Jumapili au anangoja mwaka mwingine.

Kosa ni langu. Kitabu kinamletea usingizi, ndiyo maana miezi yote hii nimemfundisha kama vitendawili, akishindwa namdai mji. Nimeshapewa miji mpaka sina pa kuiweka. Padre nitamweleza hivyohivyo.

Na iliyomkwama ni Ndoa! Miaka arobaini tunakula meza moja, akaisahau hiyo. Nilinuna kidogo, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mlango wa nyuma mfunge, mbuzi wa jirani hana adabu.

Babu ananiita. Kashavaa koti, yuko mlangoni anazihesabu kwa vidole. Safari hii kaanza na Ndoa.

Bibi yenu