Mbwa ya Papa Édouard Haibwekake

Mama Dancille mupendwa, mwenye munajibuka barua za watu ku radio, munisaidie, niko na aibu ya kujaza kitunga, na ile aibu nilijitafutia mimi mwenyewe na mudomo yangu. Jina yangu ni Tuyizere, niko kijana wa Kibabi, huku Masisi, nalima maharagi na viazi na wazazi wangu, na siku za soko nabeba watu na moto, ni kusema pikipiki, miaka yangu ni makumi mbili na saba, nasalaka, pombe sikunywake, na napenda musichana mumoja, jina yake Naomie, anafundisha watoto wa masomo kule Nyabiondo lakini kwao ni Mpofi, mu pori ya Walikale, na nataka kumuoa mbele ya Noeli, na baba yake njo shida, ao tuseme ukweli, baba yake hana shida, shida ni mimi.

Munisikilize pole pole juu mambo iko murefu. Mu radio moja ya kwetu, kila juma mangaribi, kulikuwaka muzee mumoja mwenye walikuwa wanamuita tu Muzee wa Pori, anasimulia hadithi ya mwindaji na mbwa yake Kazibure, na sisi wote wa vilima tulikomaa na ile hadithi, mama alikuwa anaachaka sufuria iungue. Kila mara Kazibure anaingia mu majani, muzee anagonga kitu, ko-ko-ko, na sisi tulijua ni kugonga meza tu, kama vile watu wa radio wanapigaka kengele mbele ya habari. Mu kichwa yangu Kazibure alikuwa mbwa mukubwa, kama ile ya kuchunga ngombe, na sauti ya kutikisa mabati.

Sasa studio moja ya Goma, yenye inatengenezaka michezo ya telefone, ikachukua licence, ni kusema ruhusa ya karatasi, ya kugeuza ile hadithi muchezo. Mama, ile studio tulikuwa tunaijua! Ni wao walichukuaka licence ya kwaya moja ya kanisa, wakatengeneza muchezo yenye wamama wa kwaya wanakimbia mu njia, wanaruka matope, wanaokota manota ya nyimbo, na watu walikasirika mupaka shemasi mumoja akaihubiri vibaya, lakini mimi sijaona ku kanisa telefone yenye haina ule muchezo. Kisha wakachukua licence ya mupiganaji mumoja wa catch, ile miereka ya kuangushana, wakamuchora na miguu mifupi kama kiti ya jikoni. Tena tukakasirika. Sisi wapenzi wa michezo tuko na groupe ku WhatsApp, tuko watu mia mbili na zaidi, rafiki yangu Ngabo njo mukubwa wayo, na kusema kweli kazi yetu mu ile groupe ni kukasirika.

Siku muchezo ya Kazibure ilitoka, nilipanda ku kilima kwenye réseau ya telefone inashika, nikafungua, na nikaona nini? Kambwa kadogo, kekundu, mukia imejikunja, ku shingo amevaa kengele ya muti, anakimbia ko-ko-ko, na habweke ata mara moja. Damu ikapanda, Mama. Nikashika telefone na nikatuma mu groupe audio ya dakika ine. Nikasema: «Nani alishaona mbwa ya kuvaa kengele? Hii ni mbwa ao ni mbuzi ya soko? Wameshindwa kutia sauti ya kubweka, wakatia kibao! Na ule muzee mwenye aliweka sinyatire ku licence aliwaachia Kazibure wetu bila kuangalia, muntu wa bule kabisa, mbwa yake mwenyewe haijue!» Na mengine, Mama, siwezi kuandika.

Ile audio ilitoka kwetu ikaingia mu magroupe zingine, watu wa moto wakaipitisha telefone kwa telefone, ikafika Nyabiondo, ikafika Walikale. Ku soko watu walikuwa wananiambia urudilie pale pa mbuzi, na siwafiche, nilijisikia vizuri. Juma mbili kisha, studio ikaandika kama wamesikia kilio cha wapenzi, na mu mise à jour ya mwezi wa kuja, ni kusema muchezo yenye kurekebishwa, watatosha kengele ku shingo ya Kazibure na watatia kubweka. Ngabo akachinja kuku.

Ile juma ile ile Naomie akasema twende Mpofi, Papa anataka kukuona. Tumeacha vilima, miti imeanza kutufunga huku na huku, na yeye nyuma yangu ku moto ananiambia, kama muntu anaongea habari ya mvua: «Ule Muzee wa Pori wa radio, unamujua? Ni Papa.» Niliingiza moto mu matope. Nikamuuliza, kwa nini haukuniambiaka? Akajibu, «Haukuulizaka.»

Tukafika. Papa Édouard amekaa ku kiti ya mianzi, telefone iko ku magoti, na ndani ya telefone, ko-ko-ko. Alikuwa anacheza, Mama! Na kidole moja. Mama wa Naomie njo akanielezea kama Kazibure alikuwa mbwa ya kweli, ya Papa, kama mbwa zao za kuwinda hazibwekake, kwa hiyo zinavaaka kengele ya muti, mwindaji asizipoteze mu pori, kama Kazibure alikufa iko miaka tatu sasa, na kama watu wa studio walikuja mupaka Mpofi na mashine yao, wakashika sauti ya kengele yake yenyewe. Kila mangaribi Papa anafungua ule muchezo, na hawinde kitu. Anasimama tu mu pori ya telefone, anasikiliza.

Kisha Papa akainua kichwa, akasema: «Kuna kijana mumoja wa vilima, simujue, audio yake ilifika hapa. Nimeisikia mara kumi. Ile sauti naweza kuijua kati ya watu mia.» Na akanigeukia: «Na wewe, mutoto wangu, karibu. Unaitwa nani?»

Mama Dancille, nilishika koo. Nikakohoa. Nikaonyesha na kidole kama sauti imekufa. Siku mbili nzima sikutosha neno. Nilipasua kuni kimya, nilikula sombe kimya, wakasali, nikasema Amina na kichwa. Mama wa Naomie akanipikia majani ya uchungu, nikakunywa bakuli tatu, na koo yangu ilikuwa muzima kabisa. Naomie alikuwa ananitazama tu.

Wakati wa kurudia, Papa akaingia mu nyumba, akatoka na ile kengele ya Kazibure, akanivalisha ku shingo na mikono yake, akasema: «Kwetu huku, yenye haisemake tunaivikaka hii.» Wote wakacheka, na mimi nikacheka bila sauti. Niliona ni desturi yao ya kupokea wakwe, na nilifurahi sana. Nimeitundika juu ya kitanda yangu.

Sasa wananiita kurudia, siku ya Mungu ya tatu kutoka leo, na wajomba wangu, kuomba musichana. Nifanye je? Nitume kaka yangu mukubwa aseme yote pahali pangu? Ngabo ananishauri niongelee mu pua. Naomie hajui kama ile sauti ya audio ni yangu, na nikimuambia ataniacha, na nikimukosa huyu sitapata mwengine kama yeye, ata nikizunguka Masisi yote. Na nisiwafiche kitu moja ya mwisho. Ule muchezo nilisema watu wafute, mimi sikufuta. Niko ku hatua ya makumi ine na moja.

Ni mimi Tuyizere, mwenye koo muzima, Kibabi.

*

Tuyizere mwana wangu,

Barua yako nilisoma hapa nikacheka mupaka fundi wa radio akakuja kuangalia kama niko muzima. Nilifika pale pa majani ya uchungu nikasema, bakuli ya kwanza ni ya uongo, ya pili ni ya mbuzi ya soko, ya tatu ni ya Ngabo na pua yake. Kisha nikafika pale penye muzee anasimama mu pori ya telefone, anasikiliza mbwa yake. Pale sikucheka tena, na wewe pia usicheke.

Nianze na ninyi watu wa groupe. Kwaya, mulikasirika mukicheza. Catch, mulikasirika mukicheza. Sikatae kukasirika, muntu anatetea kitu anapenda, na ile hadithi mulipenda kweli. Lakini ninyi watu wa Kibabi munajua ngombe. Muntu wa Mpofi akikuja kuwaambia ngombe yenu haina haki ya kuwa na pembe murefu, mutamufukuza na fimbo. Sasa ninyi watu mia mbili, pori munaiona kutoka ku vilima yenu, na hakuna ata mumoja aliuliza muntu wa Walikale: eh ndugu, mbwa za kwenu zinakuwaka namna gani? Ku mara ya kwanza ile studio inafanya kazi yake vizuri, njo mara munaipigia kelele mupaka inaharibu. Aksanti yenu!

Na wewe uko na musichana wa Walikale nyuma ya moto yako, na haukumuuliza kwao ni kwa nani. Unataka kuoa mutu ao unataka kumubeba tu mupaka soko?

Unaniandikia, «Naomie hajui.» Tuyizere, wacha mambo ya watoto. Muke mwenye anakaa nyuma yako ku moto, anakusikia ukiimba, ukigombana na polisi wa njia, ukiomba mafuta kwa deni, ile sauti yako ataishindwa mu audio ya dakika ine? Naomie anajua. Alijua mbele mupande ile moto. Habari ya baba yake alikuambia mu njia ili upate nafasi ya kusema, na wewe ukaona afazali kuingia mu matope. Siku mbili alikuwa anakutazama, anangojea. Mpaka leo anangojea.

Na Papa Édouard? Huyu ni mwindaji, mwanangu. Ameishi miaka yake yote kwa kusikia nyama ya pori yenye inajificha na haipumue. Kijana anakuja kutoka vilima, mutu wa moto, anapasua kuni kwa nguvu, anakula sombe sahani mbili, na anakosa sauti ile dakika tu muzee anataja audio! Ulimudanganya nani? Ukakohoa, nazani ata kuku za lupango, pale mu uwanja wa nyumba, zilijua.

Kwa hiyo ile kengele haiko desturi ya kupokea wakwe. Nimeuliza watu wa Walikale, juu mimi naulizaka. Hakuna desturi kama ile. Alikuwa anakucheka, mbele ya nyumba yake yote, na wewe ukashukuru!

Sasa fanya hivi, na usiniletee tena habari ya Ngabo.

Leo hii, mbele jua haijashuka, panda moto uende Nyabiondo. Umuambie Naomie, ni mimi. Usianze na «kuna muntu alisema». Sema, ni mimi. Akikutukana, uvumilie. Akicheka, uvumilie zaidi, juu atakucheka mupaka uzee.

Kisha rudia ku kile kilima chako cha réseau. Utume audio ingine mu ile groupe yote, ya dakika moja, ine ni ya wenye hawana kitu ya kusema. Utaje jina yako, utaje kijiji chako. Sema mbwa ya Walikale haibwekake, sema mulikosea, sema ule muzee anajua mbwa yake kupita ninyi wote mukikusanywa. Na wale mia mbili wenye walijua kuandikia studio waitoshe kengele, wajue kuandika tena waiache. Ngabo aandike wa kwanza, alikula kuku. Mwezi haujaisha, ile mise à jour haijatoka. Kama studio inakataa, basi, mutakuwa mumesema ukweli, na muzee atasikia kama mulisema.

Na usingojee wajomba. Enda Mpofi mbele yao, peke yako, muchana. Kaka yako abakie ku shamba ya maharagi, muntu haoake na mudomo ya kaka yake. Simama ku mulango wa lupango, usiingie. Uite, «Papa Édouard, ni mimi Tuyizere wa Kibabi, mwenye ile audio.» Na sauti yako yote. Useme umekosea, na unyamaze hapo, ungojee. Ile hatua makumi ine na moja pia umuonyeshe, naona yeye anasimama mu ile pori bila kuwinda, na hajui kama kuna mutu mwengine anaweza kukaa naye pale.

Na ile kengele, toa juu ya kitanda, uvae ku shingo, mu njia yote. Watu wa Nyabiondo wakicheka, wacheke. Angalia vizuri kitu ule muzee alifanya. Sauti ya Kazibure alikuwa nayo pahali pawili tu, mu telefone na ku ule muti. Ya telefone wewe unamunyanganya mwezi wa kuja. Ule muti akautoa mu nyumba akakupa wewe, akijua ni wewe. Alikuchezea, ndiyo, lakini mwindaji havikake kengele mbwa yenye anataka ipotee. Anavikaka ile anataka imurudilie.

Enda, mutoto. Anasikiliza.

Mama Dancille