Pumzi ya Kujaza Godoro

Dada Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka Kampala. Mvua imeshika tangu asubuhi, nami nimeshikwa na wasiwasi. Keshokutwa naanza kupanda Rwenzori, na leo nimekwenda Nakivubo kutafuta godoro la upepo la kulalia hemani. Nilichagua jepesi kuliko yote, likikunjwa halizidi chupa ya maji. Muuzaji ni mzee mstaafu wa jeshi, na hamuuzii mtu godoro mpaka alijaze mwenyewe kwa kinywa. Basi nikapiga magoti dukani, wateja wakinitazama, nikapuliza. Halijafika hata nusu, pumu ikanibana, nikatafuta dawa yangu ya kuvuta.

Mzee akachuchumaa mbele yangu. "Mama, hapa chini wewe napumua hivi. Huko juu itakuwa namna gani?"

Akanipa jingine, lenye mfuko wake wa kujazia upepo. Nikalilalia sakafuni kwa ubavu, nyonga haikugusa saruji. Lakini ni zito zaidi, na kiongozi wetu wa mlimani ameshapima begi langu, hataki hata kijiko kiongezeke. Nikafungua begi, nikatoa chupa ya achari yako ya ndimu, nikamwachia mzee. Alianza kuila na muhogo kabla sijafunga zipu.

Usininunie, dada. Tangu hapo kila ngazi ninayopanda nasikiliza kifua changu. Niombee. Na utengeneze achari nyingine, niwe na sababu ya kushuka.

Mdogo wako,
Saumu