Kikapu Kinachochomwa Angani

S.L.P. 88,
Kibondo, Kigoma.
14 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Deborah,

Amani ya Bwana iwe nawe huko kwenye baridi. Hujambo wewe, na shemeji Rigobert, na watoto? Kifua cha Arielle kimepona? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua zimewahi, mahindi yametoka, ila moyo wa kulima sina.

Barua hii anakuletea Paroko, anasafiri kuja huko Jumatatu. Ni habari za Mama. Kwa simu nimeshindwa. Nikisikia sauti yako nitalia, na mimi ndiye mkubwa.

Mama bado yuko hospitali hapa Kibondo, wiki ya tano sasa. Wifi yako Dorcas anamgemura, anampelekea chakula asubuhi na jioni, leo ugali wa muhogo na dagaa, kesho uji. Na Mama unamjua, kikapu kilicholeta chakula hakirudi kitupu. Humo anatia ndizi moja, au kipande cha sabuni, au karanga alizopewa na mgonjwa wa kitanda cha pili. Dorcas alikuwa akirudi nyumbani anacheka peke yake njiani.

Sasa ile video uliyotuma. Nilimwonyesha Mama nikijivuna kweli, wodi nzima ikasogea kitandani. Nikawaeleza: hiki chombo hakina dereva wala abiria. Kampuni ya mdogo wangu inalipwa kupeleka chakula, maji na nguo kwa watu wanaoishi kwenye kituo kinachozunguka dunia huko juu, na hiyo mifuko myeupe ameifunga Deborah kwa mikono yake. Mama akapiga kigelegele kwa ile sauti yake iliyokauka. "Yampaye Imana, Mungu wangu! Mwanangu anagemura mbinguni!"

Halafu akauliza: na kikapu kinarudi na nini?

Mjinga mimi. Si ningesema kinarudi na salamu? Nikamweleza kama ulivyoniandikia, kwamba wakishatoa chakula wanakijaza takataka na nguo chafu maana huko hawafui, wanakiachia, nacho kinaungua hewani chote. Deborah, uso wake ulizimika. Aliuliza mara mbili, "Kinachomwa? Chenyewe?" Unakumbuka Bibi alivyokuwa akitwambia, anayechoma kikapu cha mwenzie amekata undugu.

Nikasema Mama, hiyo ni mitambo tu, huko juu hakuna jalala, na vyombo vya kampuni nyingine vinarudi salama. Wapi! Tangu siku ile chakula anaonja tu. Anamwambia Dorcas asihangaike, hana cha kumrudishia. Juzi akanishika mkono akasema, "Deborah nilimtoa mimi mwenyewe aende akalishe watu. Sasa nimejua hawamrudishi." Nilimfokea, Mungu anisamehe, mbele ya wagonjwa wenzake.

Sikulaumu. Au basi, nakulaumu, niseme tu nitue. Mara ya kwanza ulisema utakuja chombo kikisharuka. Kikaahirishwa kwa sababu ya upepo. Mara ya pili wakakuta kitu kinavuja. Mara ya tatu Mama sikumwambia kabisa, ningemtazama na macho gani? Najua hawakupi ruhusa kabla mzigo haujaondoka, najua una watoto na kodi ya nyumba. Lakini hao wa huko juu wana akiba ya miezi, wewe mwenyewe uliniambia. Mama hana.

Daktari aliniita Jumanne. Kasema tumchukue nyumbani, akae na watu wake. Tunamtoa kesho. Dorcas ameshatandika kitanda chumba cha mbele, penye dirisha la barabarani, maana Mama ametaka aone wanaokuja.

Na nikueleze yote. Mama amenituma nikuandikie kwamba anaendelea vizuri, usikatishe kazi, chombo kiruke kwanza. Nimemwitikia "ego, Mama," nikaja kukaa mezani nikaandika haya. Sijawahi kumwasi tangu nizaliwe.

Baba mdogo Stanislaus wa Kasanda anakusalimu. Shangazi Niyubahwe wa Kasulu anakuombea kila Ijumaa kwenye jumuiya. Ndayikunda, rafiki yako wa shule, amejifungua mapacha, anauliza utakuja lini uwaone.

Kipriani seremala naye anakusalimu. Ameshapasua mbao za sanduku, hakuna aliyemwagiza. Nimemwomba asizipige msumari hata mmoja. Njoo, mdogo wangu, zikiwa bado ni mbao.

Mungu akufungulie njia, akutangulie kila hatua.

Kaka yako akupendaye siku zote,
Ndihokubwayo