Nyani na friji la shemeji

Shoga, acha unachofanya. Shemeji katuaibisha kambi nzima.

Si unamjua mume wa dada, mjuzi wa kila kitu isipokuwa kufunga friji? Nyumbani dada kazi yake kupita nyuma yake akifunga.

Sasa huku kambini mbugani friji liko barazani, mlango umegeuziwa ukutani. Mhudumu akasema tuliache hivyo hivyo. Ukitaka kitu, livute, kisha ulirudishe, maana nyani wanajua kulifungua.

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. "Nipangiwe maisha na nyani? Mimi?" Akaligeuza litutazame. Dada akamsihi, akaambiwa ana woga wa kike.

Haya. Leo asubuhi tumesikia kishindo barazani. Wa kwanza kutimua mbio nani? Shemeji! Na taulo lake, moja kwa moja bafuni, akakomea. Halafu anapiga kelele humo ndani, "Mama watoto, hebu mwangalie!"

Mwangalie, shoga! Mwenye woga wa kike ndiye atumwe!

Tukachungulia dirishani. Nyani dume, kajaa kwenye kiti cha shemeji, anakula soseji za shemeji, wala hana haraka. Aliposhiba akainuka, akausukuma mlango wa friji kwa kiganja. Ukafungika.

Aliufunga, shoga. Nyani!

Dada hakucheka. Alikwenda mlangoni kwa bafu, akagonga taratibu.

"Toka, baba watoto. Mwenzio ameshashiba, na friji amelifunga. Kumbe linafungika."