Miche ya Efraimu na Gunia la Udongo

Mahongole, Jumapili, mwezi wa saba.

Leo kumekucha na sakitu. Majani meupe kana kwamba mtu amepita akinyunyiza unga, na maji ya ndoo yameshika ngozi juu. Kanisani watu wameimba meno yakigongana. Mimi sikusikia baridi. Mtu aliyelala vitani kwenye matope ya Burma akaamka amekumbatiana na simba, Mahongole itamtisha na nini?

Kilichonitisha leo ni kingine.

Miche ya Efraimu imekufa.

Si yote, nitafika huko. Wacha niandike kwa utaratibu, maana hapa kwenye karatasi hakuna wa kunipigia makofi. Nikiongeza chumvi nitaila mwenyewe.

Efraimu alikuwa mtoto wa pekee wa dada yangu Dorkasi. Mimi ndiye mjomba wake, na kila alichokijua cha maana nilimfundisha mimi: kutega fuko, kuchagua jembe, kunywa ulanzi bila mchungaji kunusa. Kusoma alijifunza kwa wengine, akanipita. Mimi niliishia darasa la tatu, ingawa nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri ni zaidi ya la nne. Yeye akapata kazi kwenye kitalu cha serikali upande wa Makambako, kwa Bwana Misitu, Mwingereza mmoja mwenye magoti mekundu. Kazi yenyewe kukuza misonobari.

Mwaka jana akaanzisha kitalu chake nyuma ya nyumba ya mama yake. Tuta moja refu, kivuli cha nyasi juu, mawe pembeni.

"Mama, hii ndiyo nyumba yako," akamwambia. "Ya mbao. Mambo ya fito sasa basi."

Dorkasi akacheka mpaka akashika kiuno. "Mti wenyewe unanifika kwenye kifundo cha mguu! Utanijengea nyumba mimi, au wajukuu wa kuku wangu?"

Lakini kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuimwagilia.

Miche ikaota vizuri, kisha ikagoma. Ikasimama palepale, ikawa njano. Nikamwambia Efraimu aongeze samadi. Akatikisa kichwa.

"Udongo una chakula, mjomba. Mti huu ni mgeni, umekuja bila watu wake."

"Watu gani?"

Akachuchumaa, akanieleza. Chini ya misonobari mizee, alisema, udongo una kuvu, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko utando wa buibui. Zinaishika mizizi, kisha zinatambaa mbali, mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, zinauletea mti maji na chakula. Mti nao unazilipa kwa utamu wake. Mti usipokuwa nazo utakufa njaa huku umezungukwa na chakula.

"Hao ni wapagazi," nikasema.

"Hasa, mjomba! Wapagazi."

Nilielewa haraka kwa sababu vitani niliona kikosi kizima kinalala njaa wakati mchele upo ng'ambo ya mto, wapagazi hawana pa kuvukia. Hilo ni kweli. La simba tuliache.

Huku kwetu nyuzi hizo hazipo, kwa kuwa msonobari haujawahi kuwepo. Akasema udongo wa kitaluni ni wa serikali, hauruhusiwi kutoka, kwa hiyo atakwenda Lupembe, kanisani, ambako wamisheni wa Kijerumani waliacha misonobari ambayo sasa haikumbatiki. Atachota udongo wa chini yake, auchanganye kwenye tuta.

Akaenda masika, mvua ikampiga njiani. Kichomi kikamshika hukohuko Lupembe. Barabara ilikuwa matope matupu, hakuna lori lililopita, wala la kumrudisha wala la kutupeleka. Dada yangu alipofika kwa miguu, alikuta kaburi. Wamemzika chini ya misonobari ileile.

Hakuwahi kuchota hata kiganja.

Kwa hiyo mvua zilipopungua nikaenda mimi. Sikumwomba mtu ruhusa, nilivaa viatu vyangu vya jeshi nikaondoka. Nilichimba kati ya mti na kaburi lake, maana hapo ndipo udongo ulikuwa mweusi kuliko kwingine. Nikaziona zile nyuzi kwa macho yangu, nyeupe, zimeshikana kama pamba iliyoloa, zinanuka uyoga. Nikamwambia Efraimu, "Nimewafuata wapagazi wako." Nikalia kidogo. Hakuna aliyeniona.

Kwenye lori nililipakata gunia njia nzima. Mama mmoja Mkinga aliuliza nimebeba nini, nikamwambia ni dawa ya serikali ya kufukuza tembo. Akasogea mbali nami.

Nilipofika nilimkabidhi Dorkasi gunia mlangoni.

"Umeuchota wapi, kaka?"

Nami na mdomo wangu nikamweleza yote: mti, kaburi, mahali penyewe nilipopiga jembe. Nikaenda mwisho wa tuta, nikavigonga viatu kwenye jiwe, matope ya Lupembe yakadondoka. Kisha nikaenda kwa jirani kunywa ulanzi na kusimulia safari. Huko gunia likawa mawili na chui akatokea.

Niliporudi, udongo ulikuwa tayari kwenye tuta. Laini, mkavu, umechekechwa kama unga wa ulezi. Nikamsifu dada yangu. Nikasema hata kule serikalini hawafanyi kazi safi namna hii.

Leo baada ya ibada nimekwenda nyuma ya nyumba. Tuta lote limekauka, miche myekundu kama kutu. Nikang'oa mmoja. Mizizi mitupu, kama vijiti vya ufagio. Nikang'oa mwingine, vilevile.

Mwisho wa tuta, kwenye lile jiwe, michache imesimama kijani. Kijani kweli, na vichwa vipya vimechomoza. Nikapiga magoti, nikafukua kwa kidole. Nyuzi zipo. Nyeupe, zimeishika mizizi.

Pale nilipogongea viatu.

Dorkasi akatoka na kibuyu cha maji. Nikamuuliza polepole, "Dada, ule udongo niliokuletea uliufanya nini?"

"Niliukaanga," akasema. "Kwenye vigae, jikoni. Wote. Niliimba mpaka ukaisha."

Akanitazama kama mtu anayengoja kusifiwa mara ya pili.

"Si udongo wa makaburini, kaka? Bibi alitufundisha, cha makaburini kipite motoni kwanza ndipo kiguse chakula au shamba. Halafu ulikuwa na kuvu! Mweupe wote, umeoza. Ningempaje mwanangu uozo?"

Angefanya nini kingine? Huku kwetu mahindi yenye kuvu tunatupa. Kabla ya kupanda ulezi tunachoma mabua na majani ili shamba liwe safi. Moto ndiyo sabuni yetu. Mbena gani angeona ule utando mweupe, umetoka ubavuni mwa mtoto wake, asiupitishe motoni? Mimi nilikuwa nimeelezwa, nami sikumweleza. Nilikuwa na haraka ya ulanzi.

"Sasa mbona imekufa?" akauliza. "Nimekosea kumwagilia?"

Watu hapa wanasema mimi ni mwongo. Wamenipa hata jina kwa Kibena, halifai kuandikwa. Lakini uongo wangu wote tangu utotoni ulikuwa wa kujikweza mimi. Leo nilimtazama mama aliyekaanga wapagazi wa mwanawe kwa mikono yake huku akiimba wimbo wa kanisa, nikaufungua mdomo.

"Sakitu, dada. Imeua hata viazi vya mchungaji."

"Na hii ya mwisho?"

"Jiwe linaikinga."

Akainama, akaigusa ile ya kijani mmoja mmoja, kama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga.

"Kaka, hili nalo ni la kweli?"

"Kweli tupu."

Akamimina maji ya kibuyu, kidogo kwa ile ya kijani, kidogo kwa iliyokufa. Aliigawia yote sawasawa. Nimeona mengi vitani, ila hilo nimeshindwa kulitazama.

Nimeamua kurudi Lupembe. Mbegu Efraimu alibakiza kwenye kopo, na tuta lipo. Dada nimemwambia nakwenda Makete, kwa Mkinga mmoja mwenye udongo mzuri wa shambani, hakuna kaburi karibu, kwa hiyo hautahitaji moto. Uongo mdogo kabisa. Hauna simba, hauna chui, hata mto wa kuvuka hauna. Sikujua kwamba uongo mdogo unaweza kulemea kifua hivi.

Jioni hii Dorkasi amenifungia viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Akavichukua viatu vyangu vya jeshi, nikadhani atavisugua kama kawaida yake, maana hawezi kuvumilia tope ndani ya nyumba. Akaviweka karibu na mlango vilivyo, na tope lake.

Halafu akasema, akiwa amenipa mgongo, "Ukirudi kaka, usinikabidhi mimi gunia. Umwage mwenyewe."

Nikavitazama vile viatu mlangoni.

Anajua tangu lini kwamba miche iliuawa na moto wake? Tangu pale kwenye tuta, au tangu miche ya kwanza ilipoanza kuwa myekundu, akawa anaimwagilia kila asubuhi huku anajua?

Sitamuuliza. Alfajiri nitapita nyuma ya nyumba kabla ya kuondoka, niitazame ile ya kijani, nipate la kumwambia Efraimu nikifika.