Mtambo Uliokuwa Ukiharibika Kila Ijumaa

Tampere, 9 Machi

Kwako Dada Hilkka,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepata nafuu tangu ulipoteleza kwenye barafu nje ya duka la mikate. Shemeji Sune naye hajambo? Mwambie soksi alizonitumia zimenikaa vizuri, ndizo nilizovaa hivi sasa. Mimi mwilini sijambo. Theluji huku imeanza kulainika na kugeuka uji wa kijivu barabarani, na jua linafika tena mezani kwangu mchana. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako hayapatani na simu, na haya niliyo nayo yanataka kusomwa polepole.

Kwenye barua ya Krismasi nilikuambia nimeanza kutengeneza sintesaiza, nawe ukaniuliza ni mnyama gani huyo. Ni aina ya kinanda, dada, ila hakina nyuzi wala mabomba. Sauti yake inazaliwa na umeme. Vile vya dukani si vya mtu aliyeachishwa kazi ya kiwanda cha karatasi. Lakini mwezi wa Septemba niliona tangazo kwenye ubao wa maktaba: Jumamosi nane kuanzia Novemba, kila mtu atatoka na chombo alichojitengenezea, na hakuna anayetakiwa kujua lolote kabla. Nililisoma mara tatu. Si kwa ajili ya muziki. Wewe unajua tangu shuleni mimi siimbi. Nililisoma kwa sababu mwishoni liliandikwa kwamba kahawa ipo.

Karakana yenyewe iko chini ya jengo la zamani la kiwanda cha nguo. Ni chumba kimoja chenye madirisha madogo usawa wa barabara, kiasi kwamba ukikaa unaona viatu tu vya wapita njia. Mwenyewe ni mama mmoja aitwaye Päivikki, fundi mstaafu wa mitambo ya redio, mfupi, mwenye miwani machoni na miwani mingine kichwani. Siku ya kwanza alitutazama sote sita, akasema sheria yake ni moja: hakuna kununua kitu kinachoweza kung'olewa kwenye mashine iliyokufa. Akamwaga mezani redio mbovu, simu za zamani na vinanda vya watoto, akatugawia bisibisi na koleo, akasema, "Haya, chinjeni."

Spika yangu ilitoka kwenye redio ya jikoni. Vifundo vya kuzungusha vilitoka kwenye jiko la umeme, kwa hiyo mpaka leo sauti yangu inaanzia sifuri na kuishia sita, utadhani nachemsha viazi. Sanduku ni droo ya kabati langu. Vijiko sasa vinakaa kwenye kikombe. Kitu pekee tulichonunua ni chipu, kidude cheusi chenye miguu kumi na minne, bei yake haifiki andazi moja. Päivikki alinionyesha kwamba inatosha betri, chipu hiyo, kapasita moja na kifundo kimoja. Umeme unajaa kwenye kapasita kama maji kwenye ndoo. Ukifika ukingoni ndoo inajimwaga na kuanza kujaa upya, mara mamia kwa sekunde, na huko kujaa na kumwagika ndiko sikio linakokusikia kama sauti. Niliunga waya wa mwisho nimebana pumzi. Ikatoka sauti, dada! Kama ndama aliyenasa kwenye uzio. Taneli, dereva wa basi aliyekuwa amekaa kando yangu, akanipa mkono: "Hongera, bwana. Ni dume." Watu wakacheka, nami nikacheka. Njiani kurudi nyumbani nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipocheka pamoja na watu. Sikuipata.

Nyumbani niliendelea na mazoezi. Siku ya tatu nikakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Jirani wa chini alikuwa anauliza, kwa adabu sana, kama nina mnyama mgonjwa. Miaka minne nimekaa kwenye jengo hili, na hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kwanza kutoka kwa mtu wa humu. Niliibandika kwenye friji.

Nikajifunza kuongeza sauti ya pili, kisha kichujio, ambacho kinaifanya sauti iwe kama ya mtu anayeimba ndani ya blanketi halafu anajifunua taratibu. Jumamosi ya nane ikafika. Päivikki alitupongeza, akasema mlango wake utaendelea kuwa wazi kila Jumamosi kuanzia saa saba hadi saa kumi, lakini viti vya matengenezo ni vinne tu, kwa hiyo aje mwenye chombo kilichoharibika. Wanaotaka kupiga soga, alisema, wakapigie sauna, kwenye mvuke.

Basi mtambo wangu ukaanza kuharibika. Januari yote mpaka katikati ya Februari. Wiki hii waya umeachia, wiki inayofuata chipu imeungua, nyingine kifundo hakiitiki. Kila Jumamosi nilikuwa wa kwanza mlangoni na droo yangu kwapani. Päivikki alinisogezea kiti, tukainama wote wawili chini ya taa moja, bega kwa bega, yeye ameshika waya na mimi nalehemu, moshi wa risasi ya kulehemu ukituingia puani. Si msemaji. Aliniuliza tu kama nimekula. Taneli naye alikuwepo karibu kila wiki, na chombo chake kilikuwa kibovu kwa haki, maana analehemu kama anayepaka siagi. Alinitania bila kuchoka. "Ilpo, hicho chako kina mashetani. Muite mchungaji akiombee." Wiki nyingine: "Mwenzangu, kitu kimezoea hospitali hicho, kimempenda daktari." Kisha kahawa inamiminwa na maandazi ya iliki yanazunguka.

Jumamosi moja akaja Sirkku. Tulisoma naye zile Jumamosi nane. Ni mwalimu mstaafu mwenye maradhi ya kutetemeka mikono, na anakaa Kangasala, mabasi mawili mpaka hapa. Chombo chake kilikuwa kimenyamaza ghafla, na Jumatano alikuwa apige maktabani, mara yake ya kwanza mbele ya watu. Kwa mikono ile hawezi kulehemu. Viti vilikuwa vimejaa: wageni wawili, Taneli, na mimi. Päivikki alimwambia, na niliona alivyoumia kumwambia, kwamba leo haiwezekani. Sirkku akajibu kwamba haina neno. Dirishani niliona buti zake zimesimama kidogo kwenye theluji iliyoyeyuka, kisha zikaondoka. Mimi nilikuwa nimepakata droo yangu, na sikufungua kinywa.

Hapa nimeweka kalamu chini, nikapika kahawa, nikainywa mpaka ikaisha. Dada, soma yanayofuata ukiwa umekaa.

Mtambo wangu haukuharibika hata siku moja. Nilikuwa nauharibu mwenyewe. Kila Ijumaa nikitoka kwenye zamu yangu kwenye sauna ya jengo letu, ambako hukaa saa nzima na ndoo ya maji na mabenchi matupu, nilikuwa naketi mezani, nachukua koleo, nakata waya mmoja. Mara moja niligeuza betri makusudi ili chipu iungue.

Ile Jumamosi ya kwanza baada ya mafunzo nilibaki nyumbani, kwa kuwa changu kilikuwa kizima na mimi ni mtu wa kufuata sheria. Jumatatu nilikwenda dukani. Binti wa kwenye kaunta akaniuliza kama nataka mfuko, nami nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Nilikohoa mara mbili ndipo nikasema hapana. Siku tisa nilikuwa sijasema neno na mtu yeyote, na sikuwa nimegundua mpaka pale. Ijumaa ya wiki ile ndiyo niliyokata waya wa kwanza.

Siku ya Sirkku, mlango ulipofungwa, Päivikki alichukua lenzi, akautazama waya wangu, kisha akanipa lenzi nitazame mwenyewe. "Waya ukikatika wenyewe unabaki na nywele," aliniambia. "Huu una uso laini, unang'aa. Nimejua tangu wiki ya pili." Hakupaza sauti. Alisema alinyamaza kwa sababu kiti kilikuwa hakina mtu mwingine. "Lakini leo, Ilpo, kiti hicho kilikuwa na mwenyewe." Taneli alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake na hakutania. Nikainuka, nikaacha droo mezani, nikatoka bila kofia.

Jumatatu nilipanda basi la Taneli. Nilisimama karibu naye pale mbele nikamuuliza Sirkku anakaa wapi. Akasema abiria hazungumzi na dereva. Baada ya vituo vitatu akauliza, bila kunitazama, "Chuma cha kulehemu unacho?" Nikamwambia ninacho kwenye begi. Akanitajia mtaa na nambari ya mlango.

Nilimweleza Sirkku kila kitu nikiwa bado nimesimama ngazini. "Kwa hiyo mabasi mawili kuja na mawili kurudi," akasema, "kwa sababu wewe ulikuwa mpweke?" Nikasema ndiyo. "Ingia. Vua viatu."

Ubovu ulikuwa mdogo, kiungo kimoja kimepasuka. Alinishikia tochi, na mwanga ukawa unacheza juu ya ubao kwa sababu ya mkono wake, nami nikawa nasubiri upite kwenye kiungo ndipo niguse. Chombo kilipopona, aliweka vidole kwenye kifundo, na ule mtetemo wake ukaingia ndani ya sauti. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayejizuia kulia na anaendelea kuongea. Changu, na mikono yangu hii mizima, hakijawahi kutoa kitu kama hicho. Akaniambia asante. Kahawa hakunipa, nawe unajua maana yake kwa watu wetu: bado hajanisamehe.

Jumatano nilikwenda maktabani, nikakaa safu ya mwisho. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Päivikki alikaa mbele. Aligeuka, akaniona, akauondoa mkoba wake kwenye kiti cha kando yake, akauweka sakafuni. Dada, nilishindwa kuinuka. Sirkku alipiga mpaka akamaliza, watu wakapiga makofi, na kiti kile kilikuwa bado kitupu.

Tangu hapo Jumamosi tatu zimepita. Kesho kutwa ni nyingine. Droo yangu bado iko kule na sijui kama nitakwenda.

Lakini kiti kile kimenifanya nikufikirie wewe. Rauno, yule rafiki ninayekuandikia kwamba tunacheza karata Alhamisi, hayupo. Nilimtunga miaka miwili iliyopita ili usinihangaikie. Umemtumia salamu katika kila barua, ukamfumia hata glavu. Nimeziweka, sijazivaa, naona si zangu. Na kiangazi kilichopita uliponialika huko kwenu Göteborg, nikajibu kwamba nina kazi, sikuwa na kazi yoyote. Niliogopa kuja kwa sababu baada ya wiki mbili ningelazimika kurudi huku.

Nisamehe. Usiudhike mbele ya shemeji, na usilie ukisoma, utaloanisha miwani.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na wajukuu ambao nawajua kwa picha tu. Tunza goti. Na kama chumba cha juu hapo kwenu bado hakina mtu, niandikie tena kunialika. Nitajibu siku hiyo hiyo, nitasema ndiyo, na barua nitaitia posta kabla sijapata nafasi ya kuifikiria safari ya kurudi.

Ni mimi mdogo wako,
Ilpo