Dhikri ya Dunguni

Jumatatu, 5 Mei
Siku ya tano ya kukaa kwa dhikri. Mkeka, kibla, macho nimefumba, jina la Mungu ndani ya pumzi. Mia moja kwa tasbihi. Nimefika kumi na nane nikamkumbuka Salima, mke mwenzangu. Nikaanza upya. Tisa. Salima tena. Goti limekufa ganzi. Mkeka nimeutupa pembeni. Upuuzi mtupu.

Aliyenitia humu ni binti yangu Tatu. Eti presha. Daktari wa Kibiti kasema nisikasirike. Nani kamwambia nakasirika?

Jumanne, 6 Mei
Nimehamia dunguni, juu ya jukwaa la kufukuzia ndege. Mpunga unakomaa bondeni, ndege wameshajua. Kamba za makopo nimezifunga mwenyewe. Dungu la Salima liko hatua thelathini tu kutoka langu, katikati tuta. Mzee alitugawia hivyo, mke mkubwa huku, mke mdogo kule, akafa akatuacha tunaangaliana.

Asubuhi kaniamkia, "Shikamoo dada." Nimevuta kamba makopo yakalia. Hilo ndilo jibu lake.

Alhamisi, 8 Mei
Nimekwenda Bungu kwa bodaboda, kwa Bi Rukia anayenifundisha dhikri. Anakaa saa nzima, nzi anamtembea usoni, hashtuki. Ananiudhi. Nimemwambia kila nikifumba macho namwona Salima. Nilidhani atanipa dua ya kumfukuza. Kasema, "Muombee yeye kwanza, ndiyo uanze kuhesabu." Bila hivyo hanipi uradi wa pili. Wenzangu tulioanza pamoja wameshapewa. Nautaka, sioni haya kuandika.

Lakini nimuombee yule? Mzee kakata roho nyumbani kwake asubuhi, mie nimeitwa alasiri. Nimefika maiti imeshaoshwa, sanda imeshafungwa. Nimemzika mume wangu sijamwona uso. Miaka miwili sasa. Bi Rukia hajui anachoniomba.

Ijumaa, 9 Mei
Nimejaribu. Mdomo umetaja jina lake, kifua kimekataa. Sikufika hata tano.

Jumapili, 11 Mei
Nimejiaibisha. Saa moja asubuhi nimekaa dunguni nikasema leo nafika mia hata nife. Kuamia ndege ni kelele, hata mtoto mdogo anajua, na mie nimefumba macho juu ya mpunga uliokomaa.

Nilikuwa nimefika sabini na mbili nikasikia makopo yangu yanalia. Nafumbua macho, Salima yuko shambani kwangu, kanga kafunga kiunoni, anavuta kamba zangu na kupiga ukelele. Kweleakwelea wakaruka wote, wakatua kwake. Hakugeuka hata kuwatazama. Kapanda ngazi yangu anahema, analia.

"Dada, nilidhani umekufa. Nimekuita mara tatu."

Ndipo akasema. Mzee naye alikaa hivyo hivyo kwenye mkeka, macho kafumba. Yeye Salima akapita na ndoo, akapita na ufagio, akidhani yumo kwenye dhikri. Alipomgusa alimkuta wa baridi. Akaanguka. Alipozinduka, wanaume walishamaliza kuosha.

Nilimwambia ashuke, ndege wanammaliza.

Jumatatu, 12 Mei
Upande wake wa tuta ni makapi matupu. Wangu mzima. Nimekasirika kutwa na sijui namkasirikia nani. Mzee kaondoka yuko kwenye mkeka wake, na mimi kwa miaka miwili namlaani mwanamke aliyekuwa anafagia. Kwa nini hakusema? Angesema na nani, kila akifungua mdomo navuta kamba. Sikukaa leo. Sikula pia.

Jumatano, 14 Mei
Nimefungua kamba zangu nikaziunga na zake juu ya tuta. Ukivuta kwangu, makopo yake nayo yanalia. Salima kasimama anatazama. Bado simpendi.

Alhamisi, 15 Mei
Sikwenda Bungu. Nimekaa macho wazi, tasbihi mkono huu, kamba mkono huu. Bi Rukia akikataa, akatae. Jina la Salima nimelitaja kabla ya moja. Limetoka kwa shida, lakini limetoka. Mia nimefika.

Jua lilipopanda akapita na ndoo ya maji. "Shikamoo dada."

Nimeitikia marahaba.